Joto Tumboni mwa Giaboksi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhusu binadamu na jamaa zake wa karibu, lakini ukweli wake hudhihirika hata katika vyombo vya chuma. Giaboksi ya otomatiki haiuawi sana na mashimo ya barabara. Mara nyingi huuawa na joto linalozaliwa tumboni mwake yenyewe.

Jambo hili alilitambua kwa gharama kubwa mzee mmoja wa viungani mwa Naivasha, mkulima aliyesafirisha kabeji na vitunguu hadi Limuru kwa pikapu yake, Toyota Hilux iliyoundwa katika miaka ya 1970. Pikapu hiyo ilikuwa imewasomesha watoto wanne, na kitindamimba, binti, alikuwa angali chuo kikuu akisomea Kiswahili. Kisha goti la kushoto la mzee likaanza kumsaliti. Klachi ya gari kuukuu ni nzito, na katika mpando wa Mai Mahiu, nyuma ya malori yanayotambaa mithili ya kobe, dereva huikanyaga mara nyingi zisizo na hesabu. Daktari alimshauri aache kuendesha. Ushauri huo ulikuwa mwiba kwake, maadamu usukani haukuwa riziki tu bali pia heshima yake.

Mzee hakuuza gari wala hakuajiri dereva. Aliamua kung'oa injini na giaboksi ya zamani na kutia injini iliyokwisha kutumika Japani, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki isiyodai kazi yoyote kutoka kwa mguu wa kushoto. Vifaa hivyo alivinunua katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mahali ambapo wengi bado hupaita Grogan.

Mgala muue na haki umpe: fundi wa jua kali aliyeifanya kazi hiyo alikuwa hodari. Alichomelea vishikizo vipya, akafupisha shafti, akatengeneza fimbo ya gia kwa mikono yake. Hata hivyo, ubavuni mwa giaboksi palikuwa na midomo miwili midogo ya chuma, ilhali rejeta ya pikapu kuukuu haikuwa na mahali pa kuiunganisha.

"Hii ni njia ya pumzi tu, mzee," fundi alisema. Akachukua kipande cha mpira, akauvisha mdomo mmoja upande huu na wa pili upande ule, akafunga boneti.

Gari liliondoka likiteleza kama samli. Siku ya kumi na tatu, likiwa limesheheni kabeji, lilipanda kuelekea Limuru. Nusu ya safari, injini ikanguruma bila gari kusonga, na harufu ya kuungua ikajaa. Mafuta ya giaboksi, yaliyokuwa mekundu kama divai, yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa. Mtamba mmoja aliuzwa ili giaboksi nyingine inunuliwe.

Ni katika kipindi hicho binti alipofika nyumbani kwa likizo, akiwa na kitabu cha Kiingereza cha ukarabati wa giaboksi alichokiazima. Kwa siku mbili aliketi kwenye tairi kuukuu gereji, akimsimulia fundi kwa Kiswahili yale aliyoyasoma. Katika otomatiki, injini haiunganishwi na gia kwa sahani ya klachi inayokanyagwa. Kati yake kuna konveta, chombo ambamo mapanga ya upande mmoja huyarusha mafuta kwenye mapanga ya upande wa pili na kuyazungusha. Pande hizo zisipozunguka kwa kasi moja, sehemu ya nguvu hupotea na kuwa joto. Hali hiyo huzidi gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo.

Mafuta hayo basi yana majukumu manne: kubeba nguvu, kulainisha, kuzibana klachi za ndani na kuliondoa joto. Pampu huyatoa kupitia mdomo mmoja, yakapoe, kisha yarudi kupitia wa pili. Yakirudishwa papo hapo kwa kipande cha mpira, ni sawa na kumtuma mtu kisimani na kumzuia asivuke lango. Mafundi hukadiria kwamba mafuta hudumu vyema yakiwa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na kwamba kila nyongeza ya takriban nyuzi 11 hupunguza maisha yake kwa nusu. Joto likipita nyuzi 120, utando wa vanishi huanza kuganda kwenye vali, na sili za mpira hukakamaa.

Fundi alisikiliza kwa makini. "Haya, mwalimu," akasema, "midomo hiyo inaitwaje?" Kitabu kilikuwa na majina ya Kiingereza pekee. Binti akatafakari, akaandika kwa chaki ukutani: mdomo wa kutokea, mdomo wa kurudia. Kuanzia hapo fundi ndiye aliyeongoza. Ili kujua upi ni upi, alichomoa mpira, akakinga debe na kuwasha injini kwa muda mfupi. Walipopelekewa kipozeo kilichotolewa kwenye gari lililoungua giaboksi, alikikataa katakata, kwani vumbi la chuma hujificha ndani ya vijia vyake na kuiua giaboksi mpya.

Walinunua rejeta yenye kipozeo ndani ya tangi lake, na kipozeo kingine cha sahani wakakifunga mbele ya rejeta, panapopita upepo. Mafuta hupitia rejeta kwanza, halafu kipozeo cha nje, ndipo yarejee. Paipu za chuma zilipindwa taratibu zisikunjike, zikawekwa mbali na eksozi, na mipira iliyotumika ni ile ya mafuta ya giaboksi, si ya maji. Mwishowe waliupima mtiririko katika mdomo wa kurudia: karibu lita moja kwa nusu dakika, injini ikiwa katika mwendo wake wa chini. Geji ya joto ilifungwa karibu na usukani.

Safari ya kwanza ya mzigo, mzee aliendesha, binti akaitazama geji. Mai Mahiu kwa Kigikuyu ni maji moto. Gari lilipanda kutoka huko na mshale haukufika nyuzi 95. Mguu wa kushoto wa mzee ulipumzika sakafuni safari nzima.

Si haki kudai kwamba fundi yule alipungukiwa na ustadi. Alichokosa ni jina la kitu kilichokuwa mbele ya macho yake, na kisicho na jina ni rahisi kudhaniwa hakina kazi. Istilahi hujadiliwa sana katika makongamano, lakini wanaozihitaji wamelala chini ya magari. Maandishi ya chaki yangali ukutani mwa gereji ile. Kila mteja anayeleta otomatiki ya kutiwa katika gari kuukuu, fundi humwuliza swali moja kabla ya kutaja bei: "Mafuta yatapoa wapi?"