Mbio Bila Muziki

PlayStation ya kijivu ilifika kwetu Tanga mwaka 1998, ndani ya begi la mjomba aliyetoka Dubai, imeviringishwa kwenye doti ya kanga isivunjike. Ilikuja na diski mbili halisi, zile zenye mgongo mweusi. Moja ilikuwa Ridge Racer ya Namco, gemu la mbio za magari lililotoka Japani siku moja na mashine yenyewe, tarehe 3 Desemba 1994.

Gemu lile lilikuwa na jambo ambalo sijaliona tena. Likishapakiwa, lote lilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na diski ikabaki na kazi moja tu: kupiga muziki. Ungeweza kuitoa, ukaweka CD yoyote ya nyimbo, na magari yakaendelea kukimbia. Kaka yangu aliweka CD ya taarab ya mama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani kauweka wimbo wake, akaketi kwenye mkono wa kochi akatutazama tunavyokata kona mpaka wali ukaanza kunukia moto.

Diski zilichubuka, kama zinavyochubuka diski zinazoshikwa na watoto wa mtaa mzima. Mwaka 2004 kaka alipata kompyuta yenye mashine ya kuchomea CD, akaanza kutengeneza nakala ili zile halisi zipumzike kabatini. Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe ilivyo. Kopi ya kwanza ilifunguka vizuri, breki zikalia, injini zikanguruma, lakini muziki haukuwapo. Akanieleza akiwa ameinamia kibodi: sauti za injini na breki hukaa kwenye kumbukumbu ya sauti ya mashine, kilobaiti 512 tu, ila muziki husomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kama redio inavyosoma CD. Traki ya kwanza ni gemu, zinazofuata ni nyimbo. Ukinakili traki ya kwanza peke yake, umenakili nusu ya kitu.

Akaanza upya, safari hii akitoa faili mbili: moja kubwa ya bin, yenye kila kitu kilichomo kwenye diski, na nyingine ndogo ya cue, maandishi matupu yanayosema kila wimbo unaanzia wapi. Ile ndogo ndiyo iliyomsumbua. Ukibadilisha jina la faili kubwa bila kulibadilisha ndani ya ile ndogo, programu haioni kitu. Ukisahau zile sekunde mbili za kimya kabla ya wimbo, yaani sekta 150, kila wimbo unaanza na mkia wa uliotangulia. Ukikosea mpangilio wa baiti, badala ya muziki unasikia mvua ya masika juu ya bati. Yote hayo yalimpata, na yote aliyarekebisha kwa mkono, akifungua ile cue kama barua na kusahihisha mstari kwa mstari. Kisha alivaa vipokea sauti akasikiliza kila wimbo mpaka mwisho. Kila wimbo. Nilikuwa nikimwona anapoteza usiku.

Miaka miwili baadaye nilikuwa na kompyuta yangu mwenyewe, diski kuu ya gigabaiti 20 iliyojaa. Nikatengeneza nakala zangu kwa njia ya mkato, faili za ISO, na Ridge Racer ikatoka na megabaiti chache tu. Nilifurahi! Dakika moja ya muziki wa CD hula takriban megabaiti 10. Hesabu hiyo niliijua, sikuifanya. Nilifungua gemu nikiwa nimezima spika kwa sababu ya wenzangu waliolala, nikaona magari yanakimbia, nikaridhika. Kopi za kaka zilikuwa zimeshaazimwa zikaishia huko, na ile diski halisi nikampa kijana wa jirani.

Mwaka jana binti yangu aliifungua faili ile kwenye simu yake. Breki zilikuwapo, injini zilikuwapo. Nilibadilisha programu tatu nikidhani kosa ni lao. Mwishowe nikampigia kaka, ambaye siku hizi yuko Muscat.

"Faili lina ukubwa gani?" akauliza.

Nikamtajia. Akanyamaza kidogo.

"Muziki haumo, mdogo wangu. Haukuwahi kuwemo."

Siku hizi kazi ile imekuwa nyepesi. Aina ya faili iitwayo CHD hufungasha gemu na nyimbo zake pamoja na kuzipunguza ukubwa bila kuharibu sauti, na simu ya kawaida inaichezesha. Lakini CHD hutengenezwa kutokana na nakala kamili, na nakala kamili hutoka kwenye diski. Ukiwa nazo kabatini, zinakili leo, na usiachane na hata moja kabla hujasikiliza wimbo wa mwisho.

Na wewe uliyekuwa jirani yetu Ngamiani, uliyepewa Ridge Racer ndani ya kasha lililopasuka pembeni: kama bado unayo, sikuombi uirudishe. Nipe saa moja nayo tu.