Bura: Mji Uliojengwa kwa Pamba



Ndugu wasomaji, wengi watokao Garissa wakavuka daraja la Mto Tana na kushika njia ya Hola huipita Bura bila kugeuza shingo. Mimi siwezi kupita hivyo. Huko ndiko aishiko mama yangu, na huko ndiko nilikofundishwa alifu na be na mwalimu aliyeshinda shambani akichuma pamba.

Mradi wa Bura ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Makusudio ya kwanza yalikuwa kumwagilia maji hekta 6,700 na kuzipa makazi familia zaidi ya 5,000. Wakulima wa kwanza waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwishowe yalipatikana mashamba ya hekta kama 2,500 na familia zipatazo 2,200. Hata hivyo, katika nchi kavu ile, palisimama mji wenye mifereji, karakana na kiwanda cha kuchambulia pamba.

Vijiji vyetu viliitwa kwa nambari, kana kwamba ni mabweni ya shule. Ndani yake waliishi Wapokomo, Waorma, Wasomali, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya, mlango kwa mlango. Siku ya Idi sahani zilivuka ua kwenda kwa majirani Wakristo, na Krismasi zikarudi zikiwa na matunda na sukari, kwa kuwa walijua mipaka yetu na wakaiheshimu. Watu walipatana kwa sababu wote walitegemea mfereji mmoja.

Mikono iliyochuma pamba ile kwa wingi ilikuwa ya wanawake na watoto. Mama alitoka baada ya sala ya alfajiri, mtoto mgongoni na gunia kiunoni, akarudi vidole vimechanwa na vikonyo vikavu. Malipo yalipofika yalihesabiwa mkononi mwa baba. Mama hakulalamika, lakini alijiunga na upatu wa wanawake kumi, akakaanga maandazi, akafuga mbuzi watatu. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliziita shughuli hizo michezo ya wanawake.

Maji ya Bura yalipandishwa kwa pampu kutoka Tana, pale Nanigi. Pampu hizo zilikusudiwa kuwa za muda tu, hadi utakapojengwa mfereji wa kuteremsha maji yenyewe. Muda ukawa miaka. Dizeli ilikuwa ghali, mitambo ikaharibika, na kufikia miaka ya 1990 mashamba mengi yalikauka. Hola nako, ambako mradi ulianzishwa kwa jasho la wafungwa wa ukoloni, na ambako 11 kati yao waliuawa tarehe 3 Machi 1959, mto wenyewe ulihama mkondo mwaka 1989 na kuuacha mradi bila maji.

Hapo ndipo tulipotambua ni nani aliyekuwa ameshikilia nyumba. Pamba ilipokwisha, karo yetu ilitoka kwa mbuzi na maandazi. Katika kijiji chetu, familia nyingi zilizobaki ni zile ambazo mama wa nyumba alikuwa na kazi yake ndogo. Zilizotegemea pamba peke yake zilifunga mizigo.

Mradi ulituachia pia mathenge. Mti huo ulipandwa katika miaka ya 1980 ili wanawake wapate kuni na upepo uzuiwe. Kuni tulizipata, lakini mti ukaenea, ukafunga njia na mifereji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Hata hivyo leo mama huchoma makaa yake na kuyauza. Aliyeletewa adha ameifanya riziki.

Tangu miaka ya 2000 serikali imeufufua mradi, na mahindi ya mbegu yamechukua nafasi ya pamba. Ndugu zangu wanasema mama sasa ni mzee, ahamie kwetu Garissa, karibu na hospitali. Hofu yao ni ya haki, nami ninayo pia. Tulipomweleza, aliuliza swali moja: "Huko nitakuwa nani?" Bura yeye ndiye anayeitwa kuosha maiti za wanawake, kusuluhisha wanandoa na kushika daftari la upatu. Kwetu angekuwa mgeni wa kupikiwa.

Tumekubaliana abaki. Tumechanga tukamwekea tangi la maji, na kila mwezi mmoja wetu huenda kumtazama na kumpeleka kwa daktari. Huenda siku itafika tukalazimika kumhamisha. Lakini uamuzi huo tutaufanya pamoja naye.

Enyi mabinti, mnapohesabu mali za wazee wenu, msihesabu hati na mashamba tu. Waulizeni mama zenu nyumba ilisimama kwa nini mwaka ule kazi ya baba ilipokwisha, nanyi muyaandike majibu yao wakiwa hai.