Kiberiti cha Kujazwa

Huko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, yupo mzee ambaye mfukoni mwake hakikosekani kiberiti cha chuma, cha utambi na jiwe, alichoachiwa na marehemu mwanawe. Kila baada ya siku chache hukifungua na kukinywesha petroli. Asipofanya hivyo, mafuta huruka na utambi hukauka.

Siku moja mjukuu wake alimcheka: "Babu, dukani vipo vya plastiki, vya gesi. Ni rahisi, wala havina kazi."

Kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kile cha plastiki hakina mahali pa kujazia. Gesi ikiisha hutupwa, hata kama jiwe lake lingali zima. Mvua hukikokota hadi Mto Ngerengere, nao huingia Ruvu, na Ruvu humwagikia baharini karibu na Bagamoyo. Mwaka 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Viberiti hivi havikuguswa.

Mzee hakutaja mito wala sheria. Alikaza skrubu ya jiwe, akasema: "Hiki hunidai, mjukuu wangu. Siku nitakapoacha kukijaza, jua nimeanza kumsahau baba yako."

Kijana hakucheka tena. Aliinuka, akaenda kuleta kichupa cha petroli.