Bodi Isiyo na Posho

Wiki hii naomba ruhusa yako tusiongelee mapenzi. Najua wako waliofungua ukurasa huu wakitafuta mambo ya fulani kamwacha fulani. Vuteni subira, hayo hayaishi mjini. Leo nina jambo langu limenikaa rohoni: nimeombwa kuwa mjumbe wa bodi.

Usicheke. Najua picha inayokujia kichwani ukisikia neno hilo. Hapa Dar bodi ni shangingi limepaki kivulini, chumba chenye kiyoyozi, maji ya chupa, sambusa kwenye sahani, na mwisho wa kikao bahasha. Ukisikia mtu kawekwa kwenye bodi, mtaani wanaanza kumwamkia mara mbili mbili, na waliokuwa wanamdai wanampunguzia makali.

Bodi niliyoombwa mimi iko Kiranjeranje. Kwa wale msiojua kusini, ni hivi: panda basi pale Rangi Tatu Mbagala, vuka Daraja la Mkapa kule Rufiji, pita Somanga, pita njia panda ya Nangurukuru, halafu kaza mwendo na barabara ya Lindi. Ukisinzia utajikuta umeshafika Mbwemkuru na kondakta hana habari na wewe. Hapo ndipo nyumbani. Wazee wanasimulia kwamba kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, safari hiyo ilikuwa ya kuagana na ndugu, maana ukifika kwenye kivuko cha Ndundu unaweza kulala.

Basi kule nyumbani watu wachache wamekaa wakakubaliana kijiji kiwe na chumba cha vitabu. Wamo wakulima wa ufuta, mwalimu mstaafu, fundi baiskeli mmoja, na mama anayeuza vitumbua ambaye nasikia ndiye mkali kuliko wote. Wamesema kabla ya kutafuta kitabu hata kimoja, kwanza wapatikane watu wa kukitunza. Wakataka na kijana mmoja aliyeko mjini. Mjomba akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Tumekuweka kwenye bodi."

"Bodi gani tena mjomba?"

"Ya maktaba."

"Kuna posho?"

"Posho utaleta wewe," akajibu, na simu ikakatika. Sijui kama salio lilikwisha au ndiyo alikuwa amemaliza mazungumzo.

Nilipowaeleza washikaji kijiweni, walicheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kulikoni. "Yaani wewe umechacha hivyo, halafu unaenda kutafuta kazi isiyo na mshiko?" Mwingine akaniambia maktaba ni mambo ya enzi za babu, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu.

Huyo wa simu ndiye aliyenifanya nifikiri. Ni kweli kila kitu kiko kwenye simu, kama una simu yenyewe, una bando na una mahali pa kuchaji. Kijijini wengi wanatembea na kitochi, kazi yake kupiga, kupokea na kumulika njia ya chooni. Na hata uwe na simu ya kutelezesha kidole, maneno yaliyomo humo nayo yanataka mtu anayejua kusoma.

Nina binamu yangu, sitamtaja jina. Alimaliza darasa la saba na cheti anacho. Baada ya hapo miaka ikapita bila kugusa maandishi, labda karatasi iliyofungiwa mandazi. Siku hizi ufuta unauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo, unapimwa, unapewa karatasi, unasubiri mnada na malipo. Msimu mmoja alirudi nyumbani na karatasi yake akaniuliza imeandikwa kilo ngapi. Namba alizisoma. Yale maneno yaliyoeleza makato ndiyo yaliyomshinda, akawa anayatazama kama mtu anayetazama msitu usiku. Huyo ni mtu aliyekaa darasani miaka saba! Kusoma ni kama panga, usipolinoa linashika kutu. Kijijini penye kunolea ni wapi?

Tusijidanganye kwamba jambo hili ni jipya. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchi hii walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Ndipo ikaja elimu ya watu wazima, bibi na babu wakakaa chini ya miembe na ubao, na kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu wasiojua wamebaki kama asilimia 10 tu. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam, na miaka ya sabini vijiji vingi navyo vikapata maktaba zao. Maktaba yenyewe mara nyingi ilikuwa kabati moja na mwalimu wa kisomo, lakini ilikuwa maktaba.

Ziko wapi leo? Uchumi ulipokaza miaka ya themanini, vitabu vikaacha kuja, magazeti ya vijijini yakaadimika, kabati likawa la kuhifadhia chaki, baadaye likawa la mchwa. Siwalaumu waliozianzisha, walifanya kubwa. Ila kila kitu kilikuwa kinateremka kutoka juu, na kule juu kulipokauka, kule chini hakukuwa na mtu aliyejiona kwamba kabati lile ni lake.

Sasa ndiyo unaelewa kwa nini wale wa nyumbani wameanza na watu kabla ya vitabu. Wala hawakukurupuka. Uganda kuna kijiji kinaitwa Kitengesa, karibu na Masaka. Mwaka 1999 maktaba yao ilikuwa sanduku moja la vitabu pale shuleni. Mkuu wa shule akashirikiana na mwalimu wa chuo kikuu kutoka New York, Kate Parry, na mwaka 2002 wakapata jengo. Kilichonivutia mimi ni wanafunzi. Baadhi yao walifanya kazi za maktaba, na kwa kazi hiyo wakasaidiwa ada ya shule. Kwa hiyo mtoto wa pale pale kijijini ndiye anayepanga rafu na kuandika nani kaazima nini. Kufikia mwaka 2007 maktaba za jamii za Uganda zilikuwa zimeunda umoja wao.

Kama Uganda ni mbali, tazama wilaya yetu wenyewe. Vijiji vya Kikole na Kisangi, humu humu Kilwa, mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kutunza misitu yao yenye mpingo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa misitu ya asili ya wanakijiji barani Afrika. Walioifanya kazi ile ni kamati za kijiji. Ni wakulima kama mjomba wangu, wanaoingia porini kuhesabu miti, kuandika kumbukumbu, na kusimama mbele ya mkutano wa kijiji kusema kimeuzwa nini na pesa imekwenda wapi. Watu wanaoweza kutunza hesabu ya mpingo, mti unaotamaniwa na kila mwenye lori, watashindwa hesabu ya vitabu mia mbili?

Tatizo letu vijana tunadhani ujumbe wa bodi ni kukaa kitini. Nimemuuliza mwalimu mstaafu kwa simu kazi yenyewe ni ipi, akanitajia moja baada ya nyingine kama anasoma mahudhurio. Ufunguo unakaa kwa nani? Huyo akienda msibani nani anafungua? Msimu wa ufuta, kijiji kizima kikiwa shambani, chumba kifunguliwe saa ngapi? Kitabu kikipotea mzazi analipa, au mtoto anafanya usafi? Nani anapulizia dawa ya mchwa, nani anapanda darini kutazama bati linalovuja? Daftari la michango liko wapi, na lini litasomwa hadharani? Msichana anapewaje nafasi, wakati jioni nyumbani anasubiriwa achote maji na wavulana wako kiwanjani?

Hilo la mwisho, mama wa vitumbua alishalijibu. Kasema siku mbili kwa wiki zitakuwa za wasichana na wanawake, tena saa za mchana, na asiyetaka aje amwambie yeye. Nasikia hajatokea mtu.

Halafu kuna kazi moja ngumu kuliko zote: kukataa. Usishangae. Ukishasema una maktaba, watu wanaanza kukuletea vitabu vyao vibovu. Makatalogi ya mashine, vitabu vya sheria za nchi za watu, hadithi za watoto wanaocheza na theluji. Mtoto wa Kiranjeranje atafanya nini na theluji? Bodi yenye woga inapokea kila kitu, inapiga picha na mfadhili, rafu zinajaa na chumba kinabaki kitupu. Bodi yenye msimamo inasema asante, lakini sisi tunataka Kiswahili, tunataka vya kilimo, tunataka hadithi, na tunataka vinavyotuhusu.

Maana vinavyotuhusu vipo, ila viko mbali nasi. Historia ya masultani wa Kilwa iliandikwa zamani sana, karne ya 16, na nakala yake moja imehifadhiwa maktabani London. Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, kule ng'ambo ya mto Mbwemkuru, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na leo watu wanalipa kiingilio Berlin kwenda kumwangalia mnyama aliyezikwa jirani na kwetu. Vita vya Majimaji vilianza 1905 katika milima ya Umatumbi, wilaya hii hii. Ebrahim Hussein akaviandikia tamthiliya ya Kinjeketile, ikachapishwa 1969, na vijana wengi wa kwetu wamesikia jina tu kwenye mtihani. Yaani jirani wa mbali anatujua kuliko tunavyojijua wenyewe. Mbona aibu hiyo haituumi kama tunavyoumia timu ikifungwa?

Tena kuna jambo sisi watu wa kusini tunalijua vizuri. Wauza bidhaa wote wa mitaani nchi hii wanaitwa wamachinga, na inasemekana jina limetoka kwa vijana wa kwetu, Wamachinga wa Lindi na Kilwa, waliokuja Dar na mzigo begani. Nchi nzima inatuita kwa biashara ya miguu. Sioni aibu, ile ni kazi halali. Ila ningependa siku moja kabila hilo hilo litajwe pia kwa jambo lililofanyika kwa kukaa chini.

Basi nimekubali. Nimempigia mjomba nikamwambia nitakuja kikao cha kwanza, nauli yangu, na nitabeba daftari gumu la kuandikia wanaoazima. Sharti langu ni moja: hesabu isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kila mtu asikie, hata kama ni shilingi elfu tatu za dawa ya mchwa. Mjomba akasema sharti hilo mama wa vitumbua alishaliweka, kwa hiyo nitafute lingine.

Nawe uliyetoka kijijini ukaja kutafuta maisha, najua huna pesa. Mimi pia sina. Hapa hatuchangishani pesa. Piga simu nyumbani leo uulize kama kijiji chenu kina mahali pa vitabu. Kama pipo, uliza ufunguo anao nani. Ukijibiwa haraka kwa jina la mtu, mshukuru huyo mtu, maana anafanya kazi ya watu kumi. Ukisikia kimya na kukohoa kohoa, ujue bodi yenu ina kiti kitupu, na kiti hicho kinakutazama wewe.

Washikaji wa kijiweni bado wananiita Mheshimiwa Mjumbe. Waacheni. Mmoja wao jana alinivuta pembeni akaniuliza kwao Liwale nako wanaanzaje. Nikamwambia aanze na mama mkali mmoja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.