Beni: Sufuria ya sombe na daftari ya mtoto

Jua linapotua mjini Beni, sauti ya kinu inasikika karibu kila mtaa. Wamama wanatwanga sombe. Katika nyumba moja, anayeshika mchi ni mama aliyekimbia kijiji chake upande wa Eringeti. Mauaji ya raia yalianza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, na tangu wakati huo jamaa nyingi zimeacha mashamba na kuja kuishi kwa ndugu au marafiki. Mama huyu na watoto wake wanne walipewa chumba kimoja. Jiko ni la wote.

Nyama haiingii katika sufuria yake. Si kwamba ameikataa. Kijijini alifuga kuku na mbuzi. Hapa anapika kile ambacho feza za kibarua zinaweza kununua: sombe, lengalenga, maharagi, ndizi, bugali wa muhogo. Sombe anaitwanga mpaka inalainika kabisa, anaichemsha muda mrefu, kisha anatia mawese, kitunguu na pilipili. Siku akipata karanga, anazitwanga na kuziongeza. Siku hiyo watoto hawaulizi samaki iko wapi.

Shida yake kubwa ni kwamba makala na shule vinatoka katika mfuko mmoja. Tangu Septemba 2019 serikali iliondoa malipo katika shule za msingi za serikali, na wadogo watatu wanasoma huko. Lakini binti yake mkubwa yuko sekondari, na huko wazazi bado wanalipa. Jirani mmoja alimwambia: « Mama, huyo binti umtoe shuleni, mwende naye kulima. Masomo hayajazi tumbo. » Mama hakujibu, lakini usiku alilifikiria neno hilo. Asubuhi alikuwa karibu kulikubali.

Kesho yake unga uliisha. Mama alikuwa ameloweka muhogo mchungu usiku mmoja tu. Aliutoa majini, akaanza kuukatakata ili auchemshe watoto wale. Binti akaweka mkono juu ya sufuria.

« Mama, muhogo huu haujalala siku za kutosha. »

« Wewe mwenye kusoma, wadogo zako watakula daftari? »

« Mama, unisamehe. Mwalimu alitufundisha kwamba muhogo mchungu una sumu. Ukikaa majini siku tatu ao nne mpaka ulainike, sumu inatoka. Watu wakiula haraka kila siku, bila maharagi ao chakula kingine cha kujenga mwili, miguu inaweza kulemaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. »

Binti alisema kweli. Konzo inajulikana sana katika nchi yetu. Ilielezwa na daktari mwaka 1938 huko Kwango. Inashika zaidi watoto na wamama, mara nyingi wakati wa njaa ao vita, kwa sababu watu wanapunguza siku za kuloweka. Miguu ikishalemaa, haiponi tena.

Mama aliketi kimya. Marehemu mama yake alimfundisha vilevile: muhogo mchungu, siku tatu majini, usiharakishe. Hakumwambia sababu. Kijijini, penye chakula kingine cha kungojea nacho, desturi hiyo ilifuatwa bila shida. Hapa njaa ilikuwa imeishinda. Muhogo ukarudishwa majini. Usiku ule walikula ndizi za kuchemsha walizopewa na mwenye nyumba.

Tangu siku hiyo mama na binti wanapika pamoja. Binti alileta neno lingine: maharagi yalowekwe tangu jioni, maji yale yamwagwe, na yatiwe maji mapya kabla ya kupika. Yanaiva upesi, na makala yanabaki. Kila makala yanapobaki, mama anaweka feza kidogo ndani ya kitambaa. Ni kidogo kweli, lakini daftari mbili na kalamu vilitoka humo. Sehemu ya feza za shule bado ni deni, na mama ameomba kulipa polepole.

Jirani alipomuuliza tena kama binti ataachishwa masomo, mama alijibu: « Yeye ndiye alituzuia kula sumu. Nimtoe aende wapi? »

Wazazi wengi katika jamaa zilizokimbia vita wanapima neno hili kila mwanzo wa mwaka wa masomo, na hakuna wa kuwacheka, maana mzigo wao ni mzito. Lakini wasikilizaji wakumbuke: shamba limebaki nyuma, mbuzi wamebaki nyuma. Kile ambacho mtoto amejifunza kilitembea naye barabarani, na jioni hii kiko pamoja nao jikoni, karibu na sufuria.