Wapi pa Kutupia Ndoana katika Nchi ya Manika

Mtu akitaja Kolwezi, wasikilizaji hufikiri mara moja juu ya shaba, kobalti, malori na vumbi jekundu. Si ajabu, kwani mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na leo ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Walakini jimbo hilo halikupewa jina la jiwe wala la mgodi; limepewa jina la mto. Uwanda wa Manika ni nchi ya maji, na mwenye kupenda mshipi na ndoana hana haja ya kusafiri mbali. Haja yake ni kujua maji aliyosimama kando yake yametoka wapi. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa maana wavuvi wetu hubishana sana juu ya chambo, na juu ya maji hawaulizani kabisa.

Tuanze na ziwa Nzilo. Mto Lualaba huanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, ukaja kaskazini kwa upole juu ya uwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière iliuzuia kwa boma kubwa, ili nguvu ya maji igeuzwe umeme wa migodi na viwanda. Nyuma ya boma hilo mabonde yakajaa, likatokea ziwa. Zamani liliitwa ziwa Delcommune, kwa jina la Mbelgiji aliyepita huku mwaka 1891. Jina la sasa ni lile la maporomoko ya mahali penyewe.

Samaki wa mkono wa kawaida hapa ni perege na kambare. Kwa perege, chukua ndoana ndogo, mshipi mwembamba, na nyungunyungu au kitonge cha bukari kilichokandwa kikawa kigumu. Enenda asubuhi na mapema au jioni, ukae penye ghuba tulivu ambako nyasi zimeingia majini. Usipige kelele, wala kivuli chako kisianguke juu ya maji. Katika Juni na Julai baridi ya uwanda ni kali, na samaki ni wavivu. Joto likirudi mwezi wa Septemba, huamka. Mvua ikisha kuchafua maji, achana na perege, kwa kuwa yeye hutafuta chakula kwa macho. Huo ndio wakati wa kambare, ambaye ana sharubu za kupapasia gizani.

Kuna jambo moja juu ya perege ambalo watoto wa shule hulipenda, na wakubwa yafaa walikumbuke. Katika aina nyingi za perege, mama huyachukua mayai yake kinywani, akayatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Na siku zile hali kitu, au hula kidogo mno. Basi ndoana yenye chambo humpita bila kumdhuru. Wavu haumpiti. Chandarua cha mbu, ambacho watu wengine hukikokota ufukoni, humkamata mama pamoja na mayai na vifaranga wa jirani zake. Ndiyo maana katika maji ya Katanga serikali hufunga uvuvi kwa miezi kadhaa ya masika, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Februari. Wengi hunung'unika, maana tumbo halifungwi. Hata hivyo, ziwa lisilopumzika halidumu kulisha mtu.

Aliyesoma habari za uvuvi wa michezo katika nchi nyingine atauliza: mbona hapa hatusikii sifa za yule samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana, mpenzi wa wavuvi wa kizungu? Tumwite besi. Huyo aliletwa Kenya, akatiwa katika ziwa Naivasha mwaka 1929, kwa ajili ya starehe ya wavuvi wa ndoana. Dume lake hulinda kiota kwa ukali, naye akivutwa huruka juu ya maji na kupigana vikali. Lakini ni mlaji wa samaki wenzake. Naivasha imepokea wageni wengi: perege wa namna mbalimbali, kamba wa maji baridi kutoka Marekani mnamo 1970, hata kapi, na kila mgeni alibadili mambo ya ziwa kwa namna ambayo mwenyeji wake hakuitazamia. Mimi sioni sababu ya kumtamani besi Manika. Mto wetu una wapiganaji wake.

Ili kumwona mpiganaji huyo yatupasa kushuka. Chini ya Nzilo uwanda huisha ghafula. Lualaba huingia katika genge jembamba, ikaanguka zaidi ya mita 400 katika mwendo wa kilometa 70 hivi, povu juu ya povu. Delcommune na watu wake walichonga mitumbwi wakidhani watateremka na mto kwa urahisi. Maporomoko yakawashinda, njaa ikawaingia, wachukuzi wengi wakafa. Mwaka 1956 kituo cha pili cha umeme, kiitwacho sasa Nseke, kilianza kufanya kazi katika mwanguko huo. Simshauri mtu kuvua gengeni. Mawe ni ya utelezi, tena maji yaliyozuiliwa kwa mitambo huweza kuongezeka bila kukupigia hodi.

Penye Bukama mto hutulia tena. Reli ilifika hapo mwaka 1918, na kutoka hapo vyombo viliweza kwenda kaskazini kwa maji. Ndipo yanapoanza mabwawa makubwa ya Kamalondo: Upemba, Kisale na mengine madogo, yenye mafunjo yasiyo na mwisho. Kisale ina visiwa vya majani vinavyoelea, na juu yake wavuvi wamejenga vibanda. Humo na katika Lualaba huishi mbenga mkubwa, mwenye meno kama misumari yaliyopandana nje ya mdomo. Yasemekana na wataalamu ya kuwa aweza kupita urefu wa mita moja na robo na uzito wa kilo 50. Huyo hukata mshipi wa kawaida kama uzi wa kushonea, kwa hiyo wavuvi wake hufunga waya mbele ya ndoana. Akisha kutolewa majini, mkono usikaribie kinywa chake hata akionekana amekufa.

Mahali panapoitwa Sanga, ukingoni mwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi mwaka 1957. Walikuta watu wa zaidi ya miaka elfu iliyopita na wa karne zilizofuata, waliozikwa na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Nao waliishi kwa uvuvi, wala nchi yao ya mabwawa haina shaba. Ilitoka kusini, kwetu juu, na yaelekea samaki waliokaushwa walipanda njia ile ile kuilipia. Basi samaki na shaba wamejuana katika nchi hii tangu zamani sana.

Siku hizi wanajuana kwa namna nyingine. Katika Kolwezi kuna mto Musonoi, na jirani yake mto Luilu; maji ya yote mawili huishia Lualaba. Kwa miongo mingi mabaki ya mawe yaliyosagwa viwandani yalitupwa katika bonde la Musonoi, hata yakawa mamilioni ya tani, nayo bado yalikuwa na shaba na kobalti ya kutosha hata mwaka 2018 kikaanza kiwanda cha kuyasafisha upya. Juu ya Luilu, mashirika mawili ya kanisa ya Uswisi, moja likiwa lile la Wakatoliki la mfuko wa Kwaresima, yalitoa taarifa mwaka 2012 ya kwamba kiwanda kilikuwa kikimwaga maji ya asidi kali mtoni. Wenye kiwanda walijibu kwamba walirithi mambo hayo, na kwamba wameyazuia. Hata hivyo mvuvi wa ndoana asitafute kitu katika mito hiyo miwili.

Upande wa Likasi hali si tofauti. Ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya boma la Mwadingusha kumalizika mwaka 1930 katika mto Lufira, limewalisha watu wengi, na perege wake ni maarufu sokoni. Lakini maji ya viwanda vya Likasi hushukia huko, na wataalamu waliopima viumbe vya ziwa wamekuta madini yameingia katika vijidudu vya majini na katika samaki. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga: waliokaa chini ya kilometa tatu kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto ndio waliozidi. Na majirani zetu wa Zambia hawakuhitaji vipimo. Tarehe 18 Februari 2025 boma la mabaki ya mgodi lilibomoka huko Chambishi, asidi ikaingia mtoni, samaki wakaelea wamekufa katika Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba.

Je, tuache kuvua? La. Familia nyingi hazina kitoweo kingine, na Ijumaa za Kwaresima samaki ndiye anayetafutwa mezani. Vua juu ya migodi, pale maji yanapotoka porini, wala si chini yake. Samaki aliyeokotwa akielea, hata kama jicho lake lingali zuri, usimpeleke nyumbani. Na kila samaki wa nchi hii atolewe matumbo, ini na matamvua kabla ya kupikwa, kwa maana sumu ya madini hukaa humo zaidi kuliko katika mnofu. Akina mama wanaonunua sokoni wamwulize muuzaji jina la mto. Mwenye kuvua Nzilo au Bukama atalitaja kwa furaha. Akisitasita, iko meza nyingine mbele.