Namba ya Mgongoni

Nyumbani kwetu Tanga kuna mdoli ambaye hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumgusa. Anakaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, amefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisimfikie. Mama mdogo alimleta kutoka Marekani mwaka 1995, zawadi ya dada yangu aliyekuwa na miaka sita. Dada alimshika dakika chache, na boksi lake, kisha mama akamchukua. "Utamharibu," alimwambia. "Huyu ni wa kutunza." Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, nikaikuta sheria imeshapitishwa.

Ni Barbie, lakini si yule mwenye nywele ndefu za dhahabu. Huyu ni mweusi, ana nywele fupi, amevaa vazi jekundu la kuiga Wamaasai na mapambo ya shanga. Kwenye boksi ameandikwa Kenyan Barbie. Wageni walikuwa wakimtania mama: kwani Watanzania wameisha mpaka umpandishe Mkenya juu ya kabati? Mama, ambaye ni fundi cherehani na ana jibu la kila mteja, alikuwa akisema Wamaasai hawajawahi kuulizana pasipoti.

Mwaka jana nilikwama ada ya mwaka wa pili wa uzamili. Nilikuwa nimelipa nusu, na bila nusu ya pili nisingeruhusiwa kuwasilisha tasnifu. Nilimpigia mama simu bila nia ya kuomba, maana nilijua hali ya wateja wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tumuuze yule mdoli. Nilikuwa nakuwekeeni. Ni wa zamani sana yule, ni wa 1966. Mwaka niliozaliwa mimi."

Nikakaa usiku kadhaa hosteli nikijifunza biashara ya midoli ya zamani. Barbie wa kwanza alionyeshwa New York mwezi Machi 1959, amevaa vazi la kuogelea lenye milia myeusi na myeupe. Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alimbuni baada ya kumwona Bild Lilli, mdoli wa Kijerumani. Aliuzwa dola 3. Leo yule wa mwanzo, akiwa mzima na boksi lake, huuzwa kwa maelfu ya dola, na sababu ni nyepesi: alinunuliwa achezewe. Watoto walichana boksi, wakapoteza viatu, wakamkata nywele. Waliobaki safi ni wachache.

Ndiyo maana wakusanyaji hukagua boksi kwa makini kuliko mdoli mwenyewe. Kona imebonyea? Dirisha limepasuka au limegeuka njano? Gundi ya mfuniko ni ya kiwandani au kuna aliyebandika upya? Vifungo vinavyomshikilia mdoli kwenye karatasi ya nyuma ni vilevile? Mdoli ambaye hajawahi kutoka ana daraja lake la bei. Akitoka hata siku moja, akarudishwa vizuri, anashuka daraja.

Lakini nilijifunza pia jambo ambalo sikutaka kulijua. Kufikia miaka ya 1990 watu wazima walikuwa wameshasikia habari za bei hizo. Mwaka 1988 Mattel ilitoa Barbie wa sikukuu, aliyevaa gauni jekundu la fahari, na akagombaniwa. Miaka iliyofuata walitengenezwa wengi zaidi, na watu wakawanunua na kuwaweka kabatini bila kuwafungua, wakisubiri wapande bei. Kila mtu alitunza, kwa hiyo hakuna kilichoadimika. Wetu naye alitoka katika mfululizo wa midoli ya mataifa mbalimbali ulioanza mwaka 1980, nao wakusanyaji waliuweka akiba vivyo hivyo. Kwenye tovuti za mnada niliacha kutazama bei wanazotaja wauzaji, nikatazama bei ambazo watu walilipa kweli. Wengi wa aina yake walikuwa wameuzwa kwa dola ishirini au thelathini. Kumtuma Marekani kungegharimu zaidi ya hapo.

Jambo la pili lilinishangaza kuliko la kwanza. Kwenye boksi la mdoli wetu, nilikumbuka vizuri, mwaka uliochapishwa ni 1993. Namba 1966 haipo popote nje. Nilipozidi kusoma nikaelewa: midoli mingi ya Barbie ya miaka ya 1970, 1980 na 1990 ina 1966 iliyochongwa mgongoni, chini kidogo ya kiuno. Ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la mwili, si mwaka wa kutengenezwa. Wauzaji wageni hudanganyika nayo kila siku. Ila ili uione namba hiyo, lazima umtoe mdoli kwenye boksi na umvue nguo.

Muhula ulipoisha nilikwenda Tanga. Mama alipotoka kwenda dukani kununua vifungo, nikalishusha boksi. Gundi ya upande mmoja ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa tena kwa uangalifu mkubwa. Kiunoni na miguuni, mdoli alikuwa amefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Fundo lilikuwa dogo, limezungushwa mara mbili na kukatwa karibu kabisa. Mafundo kama hayo nimeyaona kwenye sare zangu zote za shule.

Mama alinikuta nimelipakata boksi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti cha cherehani yake. Nilimweleza bei kwanza, maana ndiyo niliyoiogopa. Alitikisa kichwa polepole. Kisha nikamuuliza, "Mama, ya 1966 uliiona wapi?"

Alicheka kwanza, akatazama mlangoni kana kwamba dada angeingia. "Nilitaka kuona nguo imekatwaje," alisema. "Kitu kidogo namna ile, mkono wa nguo unaingizaje?" Akanyoosha kitambaa mapajani ambacho hakikuwa na mkunjo. "Wenzio mkiwa shule. Siku ya kwanza nilimwangalia tu. Halafu nikawa namtoa. Mimi mdoli wangu ulikuwa gunzi la hindi, mwanangu."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Nikafikiria yale maelfu ya maili kati ya kabati letu na wakusanyaji wanaopima kona za boksi kwa jicho kali. Kwao huyu ameharibika. Halafu nikamfikiria dada yangu, ambaye mpaka leo, mwenye watoto wawili, akiingia sebuleni hutupa jicho juu ya kabati na kugeuka upande mwingine. Hilo nalo nilimwambia mama, kwa sauti ya chini. Hakujitetea. Alisema, "Najua. Nilikuwa nasubiri akue kidogo. Akakua haraka."

Ada nililipa kwa kukopa na kufundisha tuisheni, na tasnifu niliiwasilisha muhula mmoja nyuma ya wenzangu. Mdoli hatukumuuza. Jioni ile mama alikata nyuzi zake mwenyewe kwa meno, akamtoa mdoli mbele yangu, akageuza pindo la lile vazi jekundu kunionyesha. Ndani palikuwa na mishono midogo ya mkono, iliyonyooka kama mstari wa rula.

"Kiwandani walishona ovyo," alisema. "Nilirekebisha."

Kisha akachukua simu yake, akaniomba nimtafutie namba ya dada.